Mkono wa Kulinganishia

Mimi ni mshona kofia, na silisemi hilo kwa unyenyekevu. Kofia za vito, zile nyeupe zenye tundu ndogo ndogo zilizozungushiwa uzi, nimezishona tangu sijavunja ungo. Wazee wangu walitoka visiwa vya kaskazini wakaja Malindi na sindano zao, na mtu wa mtaa wa Barani au Muyeye akitaka kofia ya kuolea, huletwa kwangu. Wapo wengine wanaoshona. Sisemi hawapo. Nasema huletwa kwangu.

Kwa hivyo nilipoambiwa nina saratani ya titi la kulia, la kwanza nililouliza halikuwa nitakufa lini. Niliuliza, "Na mkono?" Daktari aliyenipima akanikazia macho kama mtu aliyeulizwa bei ya samaki msikitini. Akasema mkono hauna neno, ugonjwa uko kwenye titi. Nikamwambia alhamdulillahi, litoeni basi, limeshanyonyesha wanangu likamaliza kazi yake. Nililililia, sikatai, lakini nililililia chumbani kwangu mlango nimeutia komeo. Wale waliokuja kunitazama wakitaraji kumkuta mtu ameanguka, walinikuta nimekaa kitako ukumbini, sindano mkononi.

Dawa kali zikaja zikaisha. Nywele zikatoka zikarudi, tena zimejipinda, nikazipenda. Nikajua yamekwisha. Kumbe.

Asubuhi moja nilichukua subana yangu, kile kikofia cha chuma cha kuvaa kidoleni unaposukumia sindano, na subana haikuingia. Nikajaribu kidole cha pili, haikuingia. Nikaona labda ni chumvi niliyokula, au joto. Baada ya wiki chache kifundo cha mkono kilipotea, kisha kiwiko, kisha ikabidi nifumue mshono wa mkono wa gauni ndipo nilivae. Baadaye ndipo nilipoelezwa kwamba pamoja na titi walinitoa tezi za kwapani, kwa kuwa ugonjwa hupenda kukimbilia huko, na zile tezi ndiyo njia ya maji ya mwili. Njia ikikatwa, maji yanakosa pa kupita, yanajaa mkononi. Lakini wakati ule nilijua moja tu, kwamba sindano ilinitoka vidoleni kila nilipoishika.

Hapo niliogopa. Niliuogopa ule mkono kuliko nilivyoiogopa saratani yenyewe, na simwonei mtu haya kusema. Saratani ingeniua, nikazikwa, yakaisha. Mkono ungeniacha hai, nimekaa ukumbini mikono mapajani, naangalia kofia walizoshona wengine zikipita barazani.

Watu nao hawakosi la kusema. Mmoja akasema jicho. Mwingine akasema nimekanyaga kitu kibaya, nikamuuliza tangu lini watu wakakanyaga kwa mikono. Mama yangu mdogo, mdogo wake marehemu mamangu, ambaye twaishi naye nyumba moja, yeye hakusema jicho wala kitu. Alisema ni baridi. Na mama mdogo si mtu wa kubishiwa kwenye mambo ya mwili, kwa maana mji huu wazazi na maharusi aliowakanda kwa mikono yake ni wengi kuliko aliowaacha. Akatia chumvi ya mawe kwenye kikaango, ile ya Marereni yenye chembe kubwa kubwa, akaikaanga mpaka ikaanza kuruka. Akaifunga kwenye leso kuukuu. "Lete mkono," akasema. "Uvimbe hutolewa kwa joto, tangu bibi zetu."

Nikampa. Ningefanyaje, na mimi mwenyewe niliamini vilevile?

Sasa, upande wa ndani wa mkono ule, toka kwapani kushuka, ulikuwa umekufa ganzi tangu siku ya upasuaji. Ukinifinya sisikii. Hilo sikuwahi kumwambia mama mdogo, wala yeye hakuuliza, kwa kuwa mtu unayemkanda akiungua si atapiga kelele? Sikupiga kelele. Nilikuwa nampa habari za majirani, tena twacheka. Alipoinua leso, ngozi ilikuwa imefura malengelenge. Mama mdogo akapiga ukelele uliofika mtaa wa pili. "Lahaula! Nimemuunguza mwanangu! Nimemuunguza, naye amenyamaza!"

Kesho yake nikashikwa na homa ya kutetemeka, na mkono ukawa mwekundu, umewaka moto. Ndivyo nilivyofika hospitali moja kule Kilifi, mama mdogo kando yangu amejifunika leso mpaka puani.

Daktari wa upasuaji aliyenipokea alikuwa mwanamke, mdogo kuliko binti yangu wa kwanza, Mgiriama wa bara ya Kilifi hukohuko. Sisi watu wa mji tuna vijembe vyetu kuhusu Kiswahili cha watu wa bara, nami nilikuwa navyo kinywani tayari. Akasema, "Shikamoo, mamangu. Shikamoo, bibi," akakishika kile kitu cha kutisha kilichokuwa mkono wangu kwa mikono miwili, pole pole, kama mtu anayebeba sahani imejaa mchuzi. Vijembe nikavimeza. Nikasema marahaba.

Alinitibu homa kwanza. Mama mdogo alikuwa amejitayarisha kutukanwa, akaketi kwenye benchi akingoja. Yule daktari alimwambia tu kwamba mkono ulioondolewa tezi hautaki moto, hautaki kukandwa kwa nguvu, hautaki kuchanjwa, na kwamba wanaofanya hivyo wote huwa wanafanya kwa mapenzi. Mama mdogo akalia. Mie nikageukia ukutani nisimwone.

Homa ilipoondoka, daktari akavuta kiti akakaa.

"Mama, sitakudanganya. Mkono huu hauponi ukasahau. Lakini waweza kupungua ukafanya kazi. Njia ziko mbili. Moja ni kuufunga bendeji kila siku, kuupangusa maji yatembee, na mazoezi. Ya pili ni upasuaji mdogo sana. Natafuta vile vijia vya maji chini ya ngozi, navishona kwenye mishipa midogo ya damu, maji yapate pa kutokea. Tunafanya utafiti tujue ipi inawafaa zaidi wanawake wetu, kwa joto letu hili na kazi zetu hizi. Ukikubali kuingia, kompyuta ndiyo itakayopiga kura uende njia ipi. Mimi sichagui, wewe huchagui. Na ukitaka kutoka, siku yoyote watoka, na matibabu yako hayapungui."

Katika maneno yote hayo, mie nilisikia neno moja, navishona. "Unashona?" nikamuuliza.

"Nashona."

"Kwa uzi?"

"Kwa uzi, mama. Mwembamba kuliko unywele."

Basi nami nikamwambia kwetu mshonaji hasifiwi kwa maneno. Anapokuja mtu akasema ajua kushona kofia, hatumuulizi kafundwa wapi. Twaichukua kofia yake twaipindua, kwa sababu nje kila mtu aweza kupendezesha, ndani ndimo mna mafundo na njia za mkato. "Nionyeshe ndani," nikamwambia. "Kabla sijatia mkono wangu kwenye kura yako, nataka kuuona mshono wako ndani."

Mama mdogo akanifinya, akanong'ona, "Mwana we, huyu ni daktari!" Nami namjua kuwa ni daktari. Sikumuuliza hilo.

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Akaniambia hakuna mgonjwa aliyewahi kumuomba hilo, akanichukua mpaka chumba wanachofanyia mazoezi. Walikuwa na paja la kuku. Wallahi, paja la kuku, lile lile la kutia kwenye biriani. Ndani yake mna kishipa chembamba kama tambi, nacho alikuwa amekikata akakiunga. Akaniweka kwenye hadubini, ile mashine ya kukuzia vitu, akaniambia nisipumue juu yake.

Mwanzo niliona ukungu. Kisha nikaona mshipa umekuwa mpana kama bomba, na pale ulipoungwa, mishono imeuzunguka. Nikatafuta kosa. Nilitafuta kwa nia mbaya kabisa, kama mama mkwe. Nikaangalia kama kuna mshono uliovuta wenzake, kama kuna uliolala, kama kafupisha nyuma kwa kudhani hakuna atakayefika. Akanigeuzia upande wa pili, nikaangalia na huko. Sikupata kitu. Iliniuma kidogo, nasema kweli, maana mimi kwa macho yangu nikiwa msichana singeweza kushona vile.

"Nani aliyekufunda?"

"Mwalimu mmoja mkali sana, mama."

"Mungu amzidishie ukali," nikasema, nikaomba kalamu nitie sahihi.

Nilirudi Malindi nimeshajua. Nilishaona moyoni mkono wangu unashonwa na yule binti, mishono ya duara, safi. Nilimweleza mama mdogo, nilimweleza kila aliyekuja. Kisha simu ikalia. Kura imetoka, mimi ni wa bendeji.

Ebo! Nilichemka. Nikafunga safari mpaka Kilifi siku ileile, nikaingia kwa daktari bila ya salamu, na hilo kwangu mimi si jambo dogo. Nikamwambia kura yake imenionea. Nikamwambia mimi ndiye niliyetazama mshono wake, wenzangu hawakuutazama. Nikamwambia anibadilishe, nani atajua?

Alinisikiliza mpaka nikamaliza. "Mama," akasema, "ukiipindua kofia ukakuta mshonaji kabadilisha uzi katikati, kwa kuwa ule wa pili kaupenda zaidi, utafanyaje?"

"Nitaitupa kule."

"Basi."

Nikakaa kitini. Akaniambia kwamba wale watakaopasuliwa, peke yao, hawawezi kumfundisha kitu. Mkono ukipungua, atajuaje kama ni mshono uliopunguza? Ni mpaka awe na mikono mingine ya kulinganishia, iliyotunzwa vizuri kwa ile njia ya pili. "Nikiwa na mikono ya kulinganishia iliyotunzwa ovyo, nitauona upasuaji wangu mzuri kuliko ulivyo. Nitajidanganya, halafu nitawapasua wanawake bure." Akasema, na macho yake hayakucheza, "Nakuhitaji zaidi upande huo."

Wenzangu wa bendeji walikuwa na uchungu wao. Mmoja tuliyekutana naye nje alisema sisi ni wa kusukumizwa kando. Nilikuwa na hasira bado, lakini neno lile lilinigeuza. Nikamwambia, "Wewe sukumizwa. Mimi mtu halinganishi kitu na mimi akakuta kasoro." Nikarudi nyumbani nimeshakata shauri kuwa kama mimi ndiye kipimo, basi nitakuwa kipimo cha haki, na hao wenye mishono watajua wameshindana na nani.

Asikwambie mtu, kufungwa bendeji toka vidoleni mpaka kwapani katika joto la Malindi ni kazi ya kumtoa mtu imani. Unawashwa pale usipofikia. Unanuka jasho ukajichukia. Na mwenyewe kwa mkono mmoja huwezi kujifunga, ndipo ikabidi mama mdogo afundishwe. Alikataa. Akasema mikono yake imeshaunguza, haigusi tena. Mwalimu mmoja wa mazoezi pale hospitali akamshika kiganja akamwonyesha namna ya kupangusa, wepesi, wa kusogeza ngozi tu, kuelekea begani. Mama mdogo aliyezoea kukanda mpaka mifupa ikalia, akawa anapapasa kama anafuta uso wa mtoto mchanga. "Na hii ndiyo dawa?" akauliza. "Hii kweli?" Alikuja akaijua kuliko wote. Siku hizi akimuona mtu ana mkono umevimba, humwambia kwa sauti ya ukubwa, "Usiukande! Nani amekwambia uukande?" Mie hugeuka nikacheka kwenye leso.

Palikuwa na harusi Muyeye, ndani kwa wanawake. Nikavua buibui, na mkono wangu umefungwa, mnene, mweupe. Macho yakaja. Ikaanza minong'ono, kisha mmoja mwenye ujasiri akauliza kama nimevunjika. Ningeweza kuitikia naam nimeanguka, nikala pilau yangu kwa amani. Lakini mficha uchi hazai. Nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wapiga vigoma, "Ni saratani. Walinitoa titi, mkono ukavimba, sasa nautunza. Pana jingine?"

Halikuwepo jingine. Ila nilipokwenda uani kunawa, msichana mmoja alinifuata. Nilimjua kwa sura, ni msusi, huwasuka maharusi. Akatazama huku na huku, akanishika vidole vyangu vilivyochomoza kwenye bendeji, akavipeleka kifuani mwake, juu ya nguo. Palikuwa na kitu kigumu, kama kokwa ya ukwaju.

"Tangu lini?"

"Tangu Ramadhani."

"Nani ajua?"

"Wewe."

Kesho yake asubuhi nilikuwa mlangoni kwao, na jua halijawa kali tukawa tuko Kilifi. Daktari alimpima, akamweleza, na akamwambia jambo ambalo mimi sikuambiwa wakati wangu: kwamba kabla ya kutoa tezi zote za kwapani, atatia rangi kwanza aitafute tezi ya mwanzo inayopokea maji ya titi, aipime ile. Ikiwa safi, zilizobaki ataziacha mahali pake, na mkono utakuwa na usalama zaidi. Nilisikiliza nikiwa nimeshika mkoba wake. Nilimuonea wivu, nikamfurahia, yote mawili pamoja. Daktari akasema hayo yote yamejulikana kwa sababu ya wanawake waliokubali kulinganishwa, mahali pengine, zamani kidogo. Nilivyonyooka kwenye kile kiti, ungedhani ni mimi niliyetajwa.

Siku ya kipimo changu cha mwisho ilipokaribia, mama mdogo akanijia na mpango. "Tuufunge zaidi kuliko tulivyoambiwa," akasema. "Kwa nguvu. Ufike pale umekonda, uwashinde wale wa mishono." Usinione mtakatifu, maneno yale yalinitamanisha. Asiyekubali kushindwa si mshindani, hiyo naijua, lakini mimi kushindwa sijakuzoea. Nikauangalia mkono. Ulikuwa umepungua, kifundo kimerudi, kiwiko chaonekana. Haukuwa sawa na mwenzake, na haungekuwa. Nikamwambia mama mdogo aufunge kama siku zote. "Nikiwadanganya kwa huu," nikamwambia, "kuna mwanamke atakayepasuliwa au asiyepasuliwa kwa uongo wangu, na hata jina lake silijui." Akaguna. Akaufunga kama siku zote.

Daktari mwenyewe alikuja kusimama wakati unapimwa kwa futi ya kitambaa, kila sehemu, toka kifundo mpaka juu. Nikamuuliza wale wenzangu wa mishono wamefikaje. Akaniambia jibu bado linatafutwa, na hata angekuwa nalo asingenitajia mtu. Kisha akasema, "Mama, wewe hukukosa hata mara moja. Mkono huu ni wa kuaminika." Nimesifiwa sana katika maisha yangu, na nyingi za sifa hizo nilistahili. Hiyo niliibeba mpaka nyumbani sikumpa mtu, mama mdogo, aliyekuwapo akasikia, ndiye aliyeitangaza.

Siku ileile yule msusi alikuwa wodini, amepasuliwa juzi yake. Ile tezi ya mwanzo haikuwa safi. Walimtoa nyingi, kama mimi. Nilipoingia alikuwa ameuweka mkono wake juu ya mto, mwembamba bado, mzuri, anautazama kama mtu anayetazama mtoto aliye na homa. Hakunisalimu. Akaniuliza, "Mama, unashona kama zamani? Niambie kweli. Mimi nasuka, sina kazi nyingine."

Nilikuwa na uongo mtamu kinywani, umeshafika mpaka kwenye meno. Alikuwa mgonjwa, alikuwa mtoto wa watu, na ungemlaza usingizi mzuri.

"La," nikamwambia. "Zamani nilikaa kitako asubuhi nikainuka adhuhuri. Sasa nashona kidogo, nauinua, naupumzisha, narudi tena. Kofia moja yanichukua mwezi na zaidi."

Machozi yakamjaa. Nikavuta kiti karibu, nikaanza kufungua bendeji, tabaka kwa tabaka, mbele ya wodi nzima, mimi ambaye mkono wangu mtupu huonwa na watu wa nyumbani tu. Nikamwambia aushike. Akaona haya. Nikamwambia tena, ashike. Akauzungushia vidole vyake vile vya kusukia, akaupima, akaubinya.

"Ni mzito," akasema.

"Ni mzito," nikamwambia, "na unashona."